Namna ya kutengeneza katuni kwa simu ukiwa Tanga, kwa kufuata njia ya The Flintstones

Wadogo zangu mnaonisimamisha barabarani kuniuliza "kaka katuni naanzaje na mimi sina kompyuta", leo nimekaa niwaandikie yote ninayoyajua, someni mpaka mwisho alafu shikeni simu zenu.

Mimi nilianza vibaya. Nilikaa miezi miwili barazani kwetu Makorora nachora mtoto anakimbia kwenda baharini, kila fremu, yaani kila picha moja ya katuni, nachora kila kitu upya, nywele, shati, mchanga, mawimbi, miezi miwili yote nikatoka na sekunde 11. Na hizo sekunde 11 hakuna aliyetaka kuziangalia mara ya pili kwasababu mtoto anakimbia tu, hasemi kitu, hatujui anakimbilia nini. Niliumia sana, nikaacha kabisa.

Kilichonirudisha ni katuni ya zamani, The Flintstones, ile ya Fred na Barney, watu wa zama za mawe wenye gari wanaloendesha kwa kukimbiza miguu. Nilikuwa nimeiona utotoni kwa jirani mwenye dishi, nikaja kuiangalia tena ukubwani kwenye simu, sasa safari hii sikuangalia kisa, niliangalia mikono ya waliochora. Nikasimamisha picha, nikarudisha nyuma, nikasimamisha tena. Fred anaongea sekunde 20 na kinachotembea ni mdomo, macho na mkono mmoja! Mwili umesimama kama mnazi. Na utotoni mimi sikuwahi kuona, nilikuwa nacheka tu.

Walioitengeneza ni William Hanna na Joseph Barbera, hawahawa waliokuwa wanatengeneza Tom na Jerry pale MGM, studio ya filamu ya Marekani. Msije mkadhani walikuwa hawajui kuchora, Tom na Jerry yao ilichukua tuzo saba za Oscar. Mwaka 1957 MGM ikafunga idara yake ya katuni, jamaa wakafungua studio yao na kuhamia kwenye televisheni, na televisheni ilikuwa na pesa kidogo ila inataka katuni nyingi na kwa haraka. Piga hesabu mwenyewe: filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde, dakika moja ni fremu 1,440, dakika 25, kama sehemu moja nzima hivi, ni fremu 36,000. Flintstones ilianza kuonyeshwa kituo cha televisheni cha ABC huko Marekani tarehe 30 Septemba 1960 na msimu wa kwanza peke yake una sehemu 28. Ukisema kila fremu uichore upya utazeeka hujamaliza msimu. Kwaiyo walichagua cha kuchora na cha kuacha, na huko kuchagua ndo somo lenyewe, ndo kitu ambacho katuni za televisheni zilizokuja baadae zimekirithi, hata zile ambazo hazifanani nayo sura wala kisa.

Njia hii hawakuigundua wao peke yao, kabla yao studio ya UPA ilishaanza kuchora kwa mistari michache na miondoko michache, ila UPA walikuwa wanatafuta sanaa mpya, Hanna na Barbera walikuwa wanatafuta namna ya kula kesho. Na Chuck Jones, mmoja wa waongozaji wakubwa wa katuni za sungura Bugs Bunny, hakuzipenda hizi katuni za televisheni, alisema ni redio yenye picha. Alikuwa anaponda. Lakini nyie niambieni, sisi tuliokulia kwenye mchezo wa redio, nyumba nzima inanyamaza, bibi anaacha kuchambua mchele ili asikie, redio yenye picha kwetu ni tusi au ni sifa? Mimi naona ni sifa kubwa, na naona ndo mlango wetu sisi watu wa Tanga, mji wa taarabu na mafumbo, mji ambao mtu anaweza kukusema barabara nzima bila kukutaja jina. Picha nzuri wanazo wengi, maneno tunayo sisi.

Sasa tuingie kazini.

Anza na kisa, na kisa kiwe kidogo. Angalia walivyofanya: Flintstones haina jambo geni ndani yake, ni mume anarudi kazini kachoka, mke, jirani, bosi mkali, deni, mechi ya bowling. Walichukua maisha ya familia ya Kimarekani ya wakati wao, kwa mfano wa igizo la televisheni la The Honeymooners, wakayatupa kwenye zama za mawe, basi. Ndege ndo anapiga santuri kwa mdomo wake, tembo mdogo ndo bomba la maji. Mtazamaji anacheka kwasababu anajiona mwenyewe mahali asipotegemea. Wengi nikiwaelekeza hapa wanakuja na watu wa kale wamevaa ngozi wanaishi mapango ya Amboni, na kweli mapango tunayo na popo wamo humo, lakini hiyo ni kubeba sura ya mwenzio. Chukua utaratibu, sura acha.

Mfano wangu: kaa wa Raskazoni, ufukwe wetu hapa Tanga, ni dereva wa bodaboda. Abiria wake samaki na kamba wa pale ufukweni. Tatizo lake kaa anatembea ubavuubavu, kwaiyo kila abiria anafika pembeni ya pale alipotaka, na nauli anadai kamili. Hapo nishapata mchezo, kila sehemu ni abiria mpya na ugomvi mpya wa nauli, na kila mtu wa Tanga aliyewahi kupanda bodaboda anajijua. Na kuna faida nyingine, kaa hana shingo wala hapigi hatua kama mtu, ukimsogeza picha yake kulia akatikisa miguu tayari kashatembea. Nikimchora binadamu anatembea nahitaji picha nyingi na akikosea goti moja kila mtu anaona. Chagua mhusika ambaye uchache wa miondoko ni maumbile yake.

Andika mazungumzo ya sekunde 30 tu kwanza. Ya kwangu yalianza hivi:

"Wendapi Bi Changu?"
"Nipeleke pale bandarini mwanangu, lakini pale, si karibu na pale."
"Panda bibi, kufika tutafika."
"Kufika mtafika nyie miguu kumi, mie nataka nifike na heshima yangu."

Soma kwa sauti. Neno linaloukwaza ulimi litoe. Msitafsiri utani wa katuni za nje, haufiki, andikeni mnavyosikia kwenye baraza la kahawa.

Kisha rekodi sauti KABLA hujachora hata mstari mmoja. Hapa ndo wengi wanakosea na mimi nilikosea hapahapa, tunachora kwanza alafu tunalazimisha sauti iingie kwenye picha. Studio za katuni za Marekani hurekodi sauti kwanza, mchoraji anafuata sauti. Ingia kwenye kabati la nguo au jifunike blanketi zito, nguo zinameza mwangwi. Rekodi usiku watu wakishalala, mchana kunguru wa Tanga na honi za bodaboda hawatakuacha. Simu iwe umbali wa shubiri moja na nusu kutoka mdomoni na isikae mbele ya pumzi yako moja kwa moja, iweke pembeni kidogo. Kila mstari usome mara tatu kwa namna tatu tofauti, utakuja kuchagua baadae.

Kuhusu sauti nataka niwape kisa kimoja maana kinaonyesha uzito wake. Sauti ya Barney ilikuwa ya Mel Blanc, huyu ndo alikuwa sauti ya Bugs Bunny pia. Januari 1961 akapata ajali mbaya sana ya gari, akavunjika mwili mzima. Sehemu chache Daws Butler akamshikia nafasi, kisha Blanc akaendelea kurekodi akiwa kalala chali ndani ya plasta, vifaa vya kurekodia wakampelekea kitandani. Na watazamaji nyumbani wanamuona Barney anaruka na kucheza kama kawaida. Yule aliyelala kitandani ndo alikuwa anambeba Barney, kuliko hata kalamu. Kwaiyo tafuta watu wa sauti kwa bidii zaidi ya unavyotafuta programu. Bi Changu wangu ni shangazi yangu, hajui katuni ni nini, nilimsimulia tu kwamba dereva anataka kumdhulumu elfu moja, akaanza kuongea sikumsimamisha.

Ukishaunganisha sauti zako fanya jaribio hili, usiliruke: mpigie mtu sauti tupu bila picha, na umpigie akiwa na shughuli zake, anaosha vyombo, anakuna nazi. Kama hakugeuza kichwa wala hakuuliza "alafu?" rudi kwenye maandishi. Mimi nilirudi mara nne.

Sasa kuchora. Mimi natumia FlipaClip, programu ya kuchorea katuni, kwenye simu ya kawaida na kidole changu, ukiwa na kalamu ya skrini ni vizuri zaidi lakini si lazima, na programu yoyote inayokupa fremu na leya (tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine) itafaa. Weka fremu 12 kwa sekunde, usiweke 24, jicho halitakudai.

Mkate mhusika vipande kabla ya kumpenda. Waangalie wahusika wa Hanna-Barbera shingoni: dubu Yogi hana shati lakini ana kola na tai, Fred kavaa ngozi ya mnyama lakini ana tai, Wilma mke wake ana shanga kubwa za mawe. Ile kola ni mpaka. Kichwa kinachorwa kwenye leya yake, mwili kwenye leya yake, na pale vinapokutana kola inaficha kiungo, kwaiyo mwili unabaki palepale na kichwa peke yake ndo kinageuka. Nilipolijua hili niliziangalia katuni zote upya, usiku mzima sikulala nahesabu kola. Ukimtazama Fred utaona pia lile eneo la ndevu kuzunguka mdomo lina rangi yake tofauti na uso, kwaiyo mdomo una kiwanja chake cha kuchezea. Nenda kamuangalie Homer Simpson, yule baba wa katuni ya The Simpsons, kiwanja kilekile.

Sisi kola zetu tunazo. Kanzu ina shingo yake na tarizi. Mama kavaa ushungi, ushungi unafunika shingo yote, hakuna kiungo kizuri kama hicho. Leso iliyotupwa mabegani. Kilemba kinatenganisha kipaji na nywele kwaiyo nywele huchori kabisa. Na nguo asibadilishe, mhusika avae nguo ileile kila siku, ndo maana wahusika wa katuni hizi unawajua kwa kivuli chao tu na ndo maana picha ya jana inafaa leo.

Midomo sasa, hapa nataka mnisikilize vizuri maana hapa Kiswahili kimetupendelea. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, na irabu zetu ni tano tu, na kila moja inasomeka vilevile popote ilipo. Kwaiyo unahitaji midomo saba: A, E, I, O, U, mdomo uliofumbwa kwa ajili ya M, B na P, na meno juu ya mdomo wa chini kwa ajili ya F na V. Konsonanti nyingine zote zipuuze, macho ya mtu yanafuata irabu. Chukua "Mbona umechelewa", unaweka fumba, O, A, U, fumba, E, E, E, A, imeisha, inaongea. Mwenzetu anayefanya Kiingereza anahangaika na maneno yanayoishia na konsonanti mbili tatu zimebanana, sisi hatuna shida hiyo.

Kila silabi ipe fremu mbili kwa kuanzia, alafu sikiliza na usogeze. Mdomo ukitangulia sauti kwa fremu moja haitasumbua, ukichelewa inaonekana ya uongo. Na mkazo wa Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi pale kwenye mkazo ndo ushushe kichwa kidogo au unyanyue nyusi, cheLEwa, bandaRIni, heSHIma. Kichwa kikishuka na mkazo mtazamaji anaamini mwili mzima umeongea, na wewe umesogeza leya moja tu. Hili sikulisoma mahali, nilimwangalia shangazi yangu anavyoongea, kila mkazo na kidevu chake.

Macho chora aina tatu, wazi, nusu, yamefumba. Apepese macho kila baada ya sekunde mbili tatu hivi na asipepese katikati ya neno lenye uzito. Mtu anayesikiliza pia apepese, mhusika aliyesimama bila kupepesa anaonekana kafa.

Hesabu yangu ya ile sekunde 30: mandhari 1, miili 2, midomo 14 kwa wahusika wawili, macho 6, miguu ya kaa 4. Jumla picha 27. Ningechora kila fremu ningechora 360. Mwenye kunielewa kanielewa.

Mandhari: Fred akikimbia ndani ya nyumba yake utaona dirisha lilelile linapita, meza ileile, dirisha tena, meza tena, nyumba haiishi. Ni picha moja ndefu inayozungushwa, mwisho wake umeunganishwa na mwanzo wake. Chora na wewe ukanda mrefu wa mtaa wa Ngamiani, barabara yoyote kati ya zile zenye namba, baraza, duka, baiskeli imeegeshwa, mlango, baraza, na hakikisha mstari wa ardhi na wa paa vinakutana pande zote mbili. Usiweke kitu cha kipekee sana humo, nilimweka paka mwekundu dirishani na mtoto wa jirani akaniambia paka amepita mara sita. Paka nikamtoa.

Sauti za vitendo msizisahau. Zile ngoma ndogondogo miguu ya Fred inapoanza kukimbia kabla gari halijaondoka, ukizisikia tu unajua kinachotokea hata hujaangalia. Sauti ilifanya kazi ya picha labda 20 hivi. Tengenezeni zenu: vifuu viwili vya nazi ukivigonganisha ni miguu ya kaa, mbuzi ya kukunia nazi ni breki, na mfuko wa nailoni ukiufinyafinya taratibu karibu na simu ni mawimbi madogo ya pwani. Mkichukua sauti za bure za kwenye intaneti kila katuni inasikika sawa na nyingine, sauti za nyumbani kwenu hana mwingine.

Nimesema katuni zilizofuata zimerithi, na sitaki mniamini tu, fanyeni kama nilivyofanya, chagua usiku mmoja uangalie moja moja na sauti umezima. Astro Boy ya Japani, ilianza Januari 1963, studio ya Osamu Tezuka nayo ilibanwa na bajeti ya televisheni, utaona picha zinavyosimama muda mrefu na kurudi tena na tena. Scooby-Doo ya 1969 ni studio ileile ya Hanna-Barbera, angalia wanavyokimbia mahali pamoja ukuta ukipita nyuma. The Simpsons, hawa ndo warithi wa kisa chenyewe, familia ya kawaida usiku kwenye televisheni ya watu wazima, njia hiyo Flintstones ndo waliifungua, na Simpsons walipofika sehemu ya 167 Februari 1997 ndo wakaipita Flintstones iliyokuwa na sehemu 166. Alafu rudi nyumbani, Ubongo Kids, katuni ya Dar es Salaam iliyoanza 2014 kwenye TBC1, wahusika wanaongea Kiswahili chetu na wanaimba hesabu, iangalie kwa jicho la mchoraji uone wanasogeza nini na wanaacha nini. Sisemi walikaa wakaisoma Flintstones. Nasema mtu yeyote mwenye pesa kidogo na maneno mengi lazima apite barabara hii.

Kitu cha mwisho ambacho mimi nilikizembea na kikanigharimu: kila picha uliyochora ihifadhi kwenye folda yake na jina linaloeleweka, kaa_mdomo_A, changu_jicho_nusu, mtaa_mrefu, na nakala uiweke nje ya simu. Simu yangu ilidondoka kwenye maji pale Deep Sea na midomo yote ya kaa ikaondoka nayo, nikaanza upya. Studio ya Tezuka ilikuwa na utaratibu wake wa kuweka picha zilizokwishatumika ili zitumike tena, wenyewe wakauita benki, na ni benki kweli maana unaweka leo unatoa kesho. Sehemu yangu ya kwanza ilinichukua siku 32. Ya pili nilichora abiria mpya tu, kamba mmoja mwenye maringo na miwani, midomo yake saba na aina zake tatu za macho, vingine vyote nikavitoa folda. Siku tisa.